Mwalimu wa kisiwani anaweza kuingia kwenye utafiti wa msamiati wa Kiingereza? Naomba ushauri

Mwalimu wa Nansio

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha Kiingereza sekondari moja ya kata huku Ukerewe. Tangu mwenzetu wa Bayolojia ahamie Magu nimebebeshwa na vipindi vyake vya kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo darasa lilelile naliingia asubuhi kama mwalimu wa lugha na mchana kama mwalimu wa sayansi. Humo ndimo nimeona jambo linaloninyima usingizi.

Watoto hawa wametoka shule za msingi za serikali. Miaka yote ile masomo kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa kipindi tu kwenye ratiba. Nyumbani ni Kikerewe, Kijita au Kikara, na mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, ni lugha zote. Januari wanaripoti, wanapewa kozi fupi ya kuwavusha, kisha wanakabidhiwa vitabu vya Kiingereza, Jiografia, Fizikia, Kemia, vyote. Kuna binti mmoja, baba yake anavua dagaa. Alinieleza nje ya darasa, kwa Kiswahili safi, jinsi samaki anavyovuta hewa kwa matamvua, akaendelea mpaka kwa nini hawezi kuishi akishatolewa majini. Kwenye jaribio swali hilohilo aliliacha tupu. Nilipomwuliza, akasema jibu alikuwa nalo, kilichomshinda ni kulielewa swali.

Usiku nimekuwa nikisoma kwenye kishikwambi habari za Paul Nation wa New Zealand na wenzake, nikaona kumbe kuna watu ambao kazi yao ya maisha ni hii: mwanafunzi anajua maneno mangapi, anahitaji mangapi, na aanze na yapi. Nataka kusoma uzamili kwa mwelekeo huo. Lakini mhadhiri mmoja niliyemweleza wazo langu, chuo sikitaji, aliniambia msamiati ni mada ya kitoto, nitafute kitu kizito.

Naombeni kujua: kwa Tanzania mtu anaweza kujenga taaluma yake juu ya msamiati? Naanzia wapi nikiwa huku visiwani, mbali na maktaba? Nina mke na watoto wawili, kwa hiyo naomba na ukweli wa mfukoni.

Mzee wa Igoma

Pole na majukumu, mwalimu. Mimi niliacha chaki nikaingia kwenye biashara ya vifaa vya shule, hayo ya utafiti nawaachia wenye fani. Nikujibu la mfukoni. Shule za mchepuo wa Kiingereza hapa mjini Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Buswelu, zinawatafuta walimu wa Kiingereza wanaoijua kazi. Ukihama leo unaweza kuona tofauti mapema. Uzamili ni ada, ni nauli za meli, ni tasnifu inayolala mezani kwa msimamizi ukisubiri irudi na wino mwekundu. Mwenye haja ya hela ya haraka asipite njia hiyo. Ila nilipofika kwenye habari ya huyo binti nikaona hela si swali lako la kwanza. Ngoja wenyewe waje.

Mama wa Malimbe

Mwalimu wa Nansio, salamu kwako na kwa mama watoto. Nitaandika kirefu, mnivumilie, maana kazi hii ndiyo iliyonilea. Nilianza na stashahada ya ualimu, nikafundisha sekondari ng'ambo ya Kamanga, nikawa mkufunzi wa chuo cha ualimu, halafu chuo kikuu mpaka nilipostaafu. Uzamili wangu na uzamivu wangu vyote vilikuwa juu ya msamiati wa Kiingereza kwa wanafunzi wa Kitanzania, na hadi sasa nawasaidia vijana wachache wanaoandika tasnifu.

Tuanze na hilo la utoto. Fani hii ilizaliwa kwenye madarasa yanayofanana sana na lako. Michael West, Mwingereza, alikuwa mtumishi wa elimu huko Bengal, India ya wakati ule, mji wa Dacca, miaka ya 1920. Aliwakuta watoto wa Kibengali wanapewa vitabu vya Kiingereza ambavyo kila mstari una maneno mageni. Hawakuwa wanasoma, walikuwa wanafumbua mafumbo. Akaanza kuviandika upya vitabu vya kusomea: neno adimu analitoa na kuweka la kawaida, na neno jipya akishaliingiza analirudia kurasa zinazofuata mpaka mtoto alizoee. Ripoti yake ya Bengal ilitoka mwaka 1926. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno kama 2,000 ya matumizi ya jumla, na watafiti wameitegemea kwa miongo mingi baada ya hapo. Aliyeuliza "muda wa mtoto ni mchache, tuutumie kwa maneno gani?" aliuliza swali zito sana, na sisi wa kanda hii bado hatujalijibu.

Nation mwenyewe umeshamsoma. Alifundisha Indonesia, Thailand, Ufini, Japani na Marekani, lakini maskani yake kitaaluma ni Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington. Mwaka 1983 alitoa jaribio la kupima msamiati kwa ngazi: maneno 2,000 yanayotumika zaidi, kisha 3,000, kisha 5,000, kisha ya chuo kikuu, kisha 10,000. Ninamheshimu kwa sababu majaribio yake, orodha zake na hata vitabu vya kusoma vilivyorahisishwa kwa ngazi ameviweka mtandaoni bure kwa mwalimu yeyote. Kishikwambi chako kinatosha kuvipata.

Sasa tulia hapa, maana hili nataka ulisikie kuliko yote. Kuna mwanamke anaitwa Averil Coxhead. Alikusanya matini 414 za kitaaluma zenye jumla ya maneno takriban milioni 3.5, kutoka nyanja 28 zilizogawanywa katika makundi manne: sanaa, biashara, sheria na sayansi. Akayaweka kando maneno 2,000 ya West, kisha akatafuta katika yaliyobaki ni yapi yanajirudia sana na tena yanatokea kwenye makundi yote manne. Yakabaki mafungu 570. Kwa fungu nina maana ya familia ya maneno: "analyse" pamoja na "analysis", "analyst" na "analytical" ni familia moja. Mafungu hayo 570 yanachukua karibu asilimia 10 ya maneno yote kwenye matini za kitaaluma, lakini kwenye hadithi za kubuni ni asilimia 1.4 tu. Maana yake, mwanafunzi anaweza kusoma hadithi mpaka akazimaliza kabatini na bado asikutane vya kutosha na maneno ambayo mtihani wa Jiografia utamwuliza nayo. Orodha hiyo ilichapishwa mwaka 2000, na leo inatumika vyuo vya dunia nzima. Kazi hiyo ilianza kama tasnifu ya uzamili. Ya uzamili, mwanangu! Kwa hiyo usikubali mtu akwambie ngazi hiyo ni ya kurudia ya wengine.

Turudi kwa binti yako. Mwaka 2000 Hu na Nation waliwapa wanafunzi hadithi moja, wakabadilisha idadi ya maneno wasiyoyajua. Pale ambapo mwanafunzi alijua asilimia 80 ya maneno, hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Kwenye 90 na 95 walielewa baadhi. Wakakadiria kwamba mtu anayesoma peke yake bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98. Chukua ukurasa wa Bayolojia wenye maneno 300. Asilimia 98 ni maneno sita mageni kwenye ukurasa, 95 ni kumi na matano, 80 ni sitini. Maneno sitini mageni kwenye ukurasa mmoja! Mwalimu anaona mtoto mvivu, kumbe mtoto yuko mbele ya ukuta. Na Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza kwa kiwango hicho cha 98 kunataka familia 8,000 hadi 9,000. Hakuna mwalimu atakayezifundisha zote ubaoni. Ndiyo maana kuchagua ya kuanza nayo ni nusu ya kazi.

Unaanzia wapi? Anzia hapohapo ulipo, kabla ya kuandika barua yoyote ya kuomba chuo. Pima darasa lako. Kwa darasa kubwa na karatasi chache kuna njia ya Paul Meara na Barbara Buxton ya mwaka 1987. Unaorodhesha maneno ya Kiingereza, mwanafunzi anaweka alama kwenye yale anayojua maana yake, basi. Katikati unachomeka maneno ya uongo, yenye sura ya Kiingereza lakini hayapo. Anayetia alama kwenye yasiyokuwepo unajua anakisia, na alama zake unazipunguza kwa hesabu. Orodha unaweza kuiandika ubaoni, wao wakaandika namba tu kwenye daftari. Lakini usiishie hapo, maana kutia alama hakukuambii kina cha ujuzi. Chagua wanafunzi kadhaa, wa juu, wa kati na wa chini, ukae nao mmoja mmoja wakueleze maneno hayo kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo ndiyo yatakayokupa sura nzuri kuliko zote kwenye tasnifu yako.

Jambo moja la huku kwetu ambalo kitabu cha Wellington hakitakuambia: angalia mwezi. Siku za giza watoto wa mialoni wanakesha na taa za dagaa au kuanika alfajiri, wanafika darasani wamechoka au hawafiki kabisa. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi inapumzika na mahudhurio yanarudi. Ukipima mara ya kwanza wakati wa mbalamwezi na mara ya pili wakati wa giza, utasema wamesahau maneno kumbe walikuwa na usingizi. Pima zote mbili majira yaleyale ya mwezi, na uandike hivyo kwenye sura ya mbinu. Mtahini wa mbali atajifunza kitu kutoka kwako.

Sasa mfukoni. Kama umeajiriwa serikalini na umeshathibitishwa kazini, hakikisha jina lako linaingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kisha uombe ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi kwa kupitia mkuu wako wa shule. Ukienda kwa ruhusa, mshahara unaendelea. Ukienda kimyakimya unaweza kupoteza vyote viwili. Ukitaka baadaye kuajiriwa chuo kikuu cha umma, tazama matokeo yako ya shahada ya kwanza: vimezoea kudai wastani wa 3.8, na 4.0 kwa uzamili. Ukiwa chini ya hapo usikate tamaa, vyuo vya ualimu navyo vinahitaji wakufunzi wenye uzamili, na mimi nakwambia wazi kwamba miaka niliyokaa chuo cha ualimu ndiyo iliyobadilisha madarasa mengi zaidi. Kila mkufunzi anawapeleka walimu kwenye shule asizozijua. Chuo kikuu utapanda kwa machapisho: mhadhiri msaidizi, mhadhiri ukipata uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ni ngazi ndefu na kila hatua wanakuuliza umeandika nini. Mtu anayeishi na data yake darasani hakosi cha kuandika.

Mwalimu wa Sengerema

Shikamoo Mama wa Malimbe. Nimesoma yote na nimefaidika, lakini nina dukuduku. Mimi ni mwalimu wa Kemia. Kwa maelezo yako mwenyewe mtoto yuko mbele ya ukuta. Kwa nini tuhangaike kuhesabu matofali badala ya kuubomoa? Tufundishe sayansi kwa Kiswahili, mambo yaishe. Huyo binti wa Ukerewe angepata alama zake zote leo. Naogopa utafiti wa msamiati unakuwa njia ya kuubembeleza mfumo usiobembelezeka.

Mama wa Malimbe

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la haki, na nimeishi nalo.

Wapo waliolibeba kabla yetu. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walichunguza Kiingereza mashuleni kwetu wakakuta ni kama asilimia 10 tu ya kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea ndipo masomo kwa Kiingereza yaanzie. Waanzie, si wamalizie. Na bado wakapendekeza Kiingereza kibaki. Ukafuata mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, ulioanza mwaka 1987 na kuleta vitabu vya kusoma vya ngazi mbalimbali kwenye sekondari. Baadaye Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu chao cha mwaka 1997 kuhusu mgogoro wa lugha Tanzania, na mwaka 2002 Qorro na Birgit Brock-Utne wakawa miongoni mwa walioanzisha mradi wa LOITASA uliolinganisha lugha za kufundishia Tanzania na Afrika Kusini. Profesa Qorro ni mtu wa kufundisha Kiingereza kwa taaluma, na ndiye aliyesimama imara kabisa kusema Kiswahili kifundishie. Hakuona mgongano, nami siuoni. Kiingereza kifundishwe vizuri kama lugha, Kemia ifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anafikiria nayo. Huo ndio msimamo wangu na sitauficha uzeeni.

Lakini sera haiko mikononi mwa Mwalimu wa Nansio. Kidato cha nne wake watakaa mtihani kwa Kiingereza, wawe tayari au wasiwe tayari. Mtoto huyo hawezi kusubiri mjadala wetu uishe. Na nikuambie kitu kingine: mjadala wenyewe umejaa hisia na upungufu wa takwimu za darasani. Siku mtu atakapoweka mezani kwamba kitabu hiki cha Kemia cha kidato cha kwanza kinadai maneno haya, na watoto wa shule hizi wanayajua haya, mwenye kutetea mfumo atalazimika kujibu namba. Kwa hiyo hesabu ya matofali inamfaa na yule anayetaka kuubomoa ukuta.

Mwalimu wa Sengerema

Nimekuelewa mama. Basi Mwalimu wa Nansio akihitaji vitabu vya Kemia vya kuhesabia, na darasa la kulinganisha la upande huu wa nchi kavu, anitafute kwa ujumbe wa faragha. Mkuu wangu wa shule hana shida na utafiti ilimradi barua zije kwa utaratibu.

Mwalimu wa Nansio

Shikamoo mama. Nimesoma na mke wangu, yeye ndiye aliyesema nijibu usiku huuhuu. Nimeanza kuamini kwamba tasnifu yangu ni maneno ya kitabu cha Bayolojia kidato cha kwanza na wanafunzi wa mialoni. Naomba nimalizie kwa matatu. Kuhesabu maneno ya kitabu kizima kunafanywaje, kwa mkono? Barua za kuingia shule nyingine zinapita wapi? Na kubwa kuliko yote, wakati nasubiri chuo, kesho nikiingia darasani nifanye nini tofauti? Maana hawa wa mwaka huu hawatanufaika na tasnifu.

Mzee wa Igoma, asante kwa ukweli. Hilo la Nyakato nimelizungumza na mwenzangu, tumeliweka akiba.

Mama wa Malimbe

Marahaba mwanangu. Na umwambie mkeo nampa heko, maana uzamili wa mwenye familia unasomwa na watu wawili.

Kuhesabu ni kazi ya kompyuta. Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, ametengeneza programu za bure. AntConc inakuonyesha kila neno linatokea mara ngapi na kwenye sentensi zipi, na AntWordProfiler inalinganisha kitabu chako na orodha za West na Coxhead, inakupa asilimia kwa kila ngazi. Tom Cobb wa Montreal naye ana tovuti inaitwa Lextutor inayofanya kazi inayofanana, ila hiyo inataka intaneti muda wote, kwa hiyo kwa huko kisiwani shikilia za Anthony, ukishazipakua zinafanya kazi bila mtandao. Ugumu uko kwenye kukiingiza kitabu kwenye kompyuta. Ukipata nakala laini unaibadilisha kuwa matini tupu. Ukiwa na cha karatasi, unakipiga picha na kutumia programu ya kusoma maandishi, halafu unakaa unasahihisha mstari kwa mstari, maana itachanganya herufi. Usianze na kitabu kizima. Chukua sura mbili unazozifundisha muhula huu.

Barua: chuo kitakupa barua ya utangulizi kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, yeye ataiandikia wilaya na mkurugenzi wa halmashauri, ndipo unafika kwa mkuu wa shule. Kwa Sengerema utapitia halmashauri yao, ya Ukerewe haitakusaidia huko. Anza mapema na utembee na nakala, na kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18 uandae fomu ya ridhaa ya wazazi kwa Kiswahili wanachokielewa. Kama mzazi anavua, mfuate mwaloni kabla hajaingia ziwani.

La tatu ndilo ninalolipenda. Kesho fanya haya.

Acha kufundisha maneno yanayofanana kwa siku moja. Thomas Tinkham alionyesha mwaka 1993, na tena 1997, kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana yakifundishwa pamoja yanakuwa magumu kushika kuliko maneno yasiyohusiana. Yanaingiliana kichwani. Vitabu vyetu vinafanya kinyume: ateri na vena kipindi kimoja, mitosisi na meiosisi kipindi kimoja, halafu tunashangaa mtihani unapokuja na majibu yaliyobadilishana viti. Nation anashauri kushikiza moja kwanza, ikae, ndipo ulete ya pili. Kwenye Bayolojia huwezi kubadili mpangilio wa mada, lakini unaweza kubadili kipindi. Ateri Jumatatu, ichoreni, isemeni, iandikeni. Vena isubiri mpaka uone ateri haiwasumbui.

Rudia kwa kupangilia. Stuart Webb mwaka 2007 aliwafanyia wanafunzi wa Kijapani jaribio la kukutana na neno mara 1, 3, 7 na 10, na kila hatua ujuzi ulikua, lakini hata mara 10 hazikutosha kulijua neno kikamilifu. Sisi tunaliandika neno ubaoni, tunalielezea, tunafuta. Kata kadi kutoka maboksi ya chaki, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, wala usione aibu ya Kiswahili hapo. Maana iliyotolewa kwa lugha anayoijua inaingia haraka, kisha muda unaobaki unautumia kusoma na kusema kwa Kiingereza. Kila mtoto awe na kadi zake mfukoni, azipitie leo, kesho, wiki ijayo, zile anazozijua zikikaa nyuma ya fungu. Mwenye Kikerewe pekee nyumbani aandike na Kikerewe.

Na maneno ya maswali uyape nafasi ya kwanza kabla ya maneno ya sayansi. Lile neno la "eleza", "linganisha", "bainisha", "toa sababu", kwa Kiingereza, ndilo linalofungua kila karatasi ya kila somo. Pitia karatasi za mitihani ya kidato cha pili za miaka iliyopita, andika vitenzi vyote vya kuulizia, vianze hivyo. Binti yako alikuwa na jibu. Mpe kwanza maneno ya swali.

Ukishapima darasa mara ya kwanza, niletee orodha na alama, hata kama ni picha za daftari, nikuonyeshe jinsi ya kuondoa makisio kwenye hesabu. Nipo nyumbani siku zote isipokuwa Jumapili asubuhi. Mbalamwezi ijayo isikupite.